Mnara wa Simu Hula Umeme Hata Usipoutumia

Dhana: Usiku watu wakilala, mnara nao hupumzika.

Ingekuwa hivyo, tungeokoa umeme mwingi sana. Mnara wa 4G hurusha ishara za utambulisho kila milisekunde 1 (sehemu moja ya elfu ya sekunde), hata kama hakuna simu inayowasiliana nao, ili simu yoyote iliyo karibu iweze kuupata na kupima nguvu ya mawimbi yake. Kwa hiyo amplifaya, yaani kifaa cha kukuza nguvu ya mawimbi, ambayo ndiyo inayokula umeme zaidi pale mnarani, haipati nafasi ya kuzimwa kwa muda wa maana. Sehemu kubwa ya umeme wa mtandao mzima wa simu hutumika kwenye minara, na sehemu nzuri ya umeme huo ni wa kukaa tayari tu. Huu ndio upotevu unaonikera kuliko wote, na ndio unaozungumzwa kidogo kuliko wote.

Dhana: 5G inafuja umeme kuliko 4G.

Hapa kuna ukweli nusu. Mtambo wa 5G wenye antena 64 ukielemewa na kazi hula umeme mwingi kuliko wa 4G, lakini data ambayo mtambo huo husafirisha ni nyingi zaidi, hivyo kila biti (kipande kidogo kabisa cha data) hugharimu umeme kidogo. Tena 5G iliundwa ijue kunyamaza: ishara zake za msingi kwa kawaida hutoka kila milisekunde 20, na zinaweza kutenganishwa hadi milisekunde 160. Katikati hapo baadhi ya vifaa huzimwa. Tatizo ni pale kampuni inapofunga 5G huku mitambo ya 2G, 3G na 4G ikiendelea kuwaka palepale. Hapo bili lazima ipande, na si haki kuitupia lawama teknolojia mpya peke yake.

Dhana: Ukiwa karibu na mnara, simu hutoa mawimbi makali zaidi.

Ni kinyume chake. Mnara huiamuru simu ipandishe au ishushe nguvu. Katika 3G amri hiyo hutolewa mara 1,500 kwa sekunde. Simu nyingi za 4G hufikia miliwati 200 zikiwa mbali, na zikiwa karibu huweza kushuka chini ya miliwati 1. Ndiyo maana betri huisha haraka mahali penye mtandao hafifu.

Dhana: Ujumbe mdogo hula chaji kidogo.

Simu ikishatuma data, redio yake, yaani sehemu inayorusha na kupokea mawimbi, haizimiki papo hapo. Hubaki macho kwa sekunde kadhaa, mara nyingi kama 10, ikisubiri kama kuna kingine. Programu inayotuma kijisehemu cha data kila dakika huiamsha redio upya kila mara, na inaweza kula chaji kuliko ile inayopakua faili kubwa mara moja kisha ikatulia. Kwa sababu hiyo Android 6, iliyotoka mwaka 2015, ilianza kuzikusanya kazi za programu mbalimbali na kuzifanya kwa mkupuo simu ikiwa imelazwa haitumiki.