Samaki wa mvuke: shombo humalizwa kwenye beseni, si jikoni

Kila nikimfundisha mtu kupika samaki kwa mvuke, swali la kwanza huwa hilohilo: "Hatonuka shombo?" Naielewa hofu yake. Hapa Pemba samaki tumezoea kumkaanga, kumpaka au kumtia mchuzi wa nazi, na mafuta na tui husitiri mengi. Mvuke hausitiri kitu. Samaki aliyelala utamjua pale tu ufunuapo sufuria, hata ukimfunika kwa tangawizi.

Kwa hiyo kazi huanza sokoni. Mnadani Tumbe nafunua shavu kwanza. Likiwa jekundu, namchukua. Likiwa la kahawia, napita. Kwa mvuke napenda changu au tasi wa nusu kilo hivi. Jodari simpiki namna hii, nyama yake hukauka ikawa nyuzinyuzi.

Ukishampaa na kumtoa matumbo, pitisha kidole gumba ndani, kando ya uti wa mgongo. Utakuta mstari wa damu nyeusi uliojificha chini ya ngozi nyembamba. Upasue kwa ncha ya kisu, usugue kwa chumvi mpaka pawe peupe, kisha suuza. Mashavu yang'oe yote. Shombo nyingi hutokea hapo, na wengi wetu hapo ndipo tunapopapita. Mfute akauke, mkate mikato mitatu kila ubavu, mpake chumvi, umwache dakika 10.

Viungo vyangu ni tangawizi mbichi, thomu, kotmiri na vijiti viwili vya mchaichai. Mchaichai uuponde kwa mchi, maana harufu yake imo kwenye mafuta yaliyofungiwa ndani ya jani. Usipouponda, mvuke utapita juu juu tu. Nusu ya viungo vitandike chini ya samaki, nusu vitie tumboni. Ndimu isubiri. Ukiikamua mapema, ukali wake huanza kuikaza nyama hata moto haujawashwa.

Na karafuu? Tunaishi ndani yake, kwa hiyo hata mimi niliwahi kuitia, punje sita kwa changu mmoja. Mama alionja tonge la kwanza, akaniangalia, akasema, "Mwanangu, hii harufu ya dawa ya jino." Alisema kweli, mafuta ya karafuu ndiyo yanayotumika kutuliza jino, na ndani ya sufuria iliyofunikwa humeza kila harufu nyingine. Tangu siku hiyo karafuu naiachia pilau.

Huna haja ya chombo maalumu. Chukua sufuria pana, pindua bakuli la bati katikati, tia maji kina cha vidole viwili, na sahani ya samaki ikae juu ya bakuli. Ngoja maji yachemke ndipo umweke. Mvuke ukimgusa samaki aliye baridi hugeuka maji, na katika kugeuka humwachia joto jingi ulilokuwa umelibeba. Ndiyo maana hupika haraka kuliko oveni yenye joto hilohilo. Mfuniko uuvike kitambaa, ncha zake uzifunge juu mbali na moto, matone yasimdondokee samaki.

Changu wa nusu kilo hutaka dakika 10 hadi 12. Kipande cha nguru cha unene wa sentimita 2, dakika 7 au 8. Choma kijiti pale palipo nene, nyuma ya kichwa. Kikipenya bila kukwama na nyama ikaachana na mfupa, mtoe papo hapo. Ukiona majimaji meupe kama maziwa yameganda juu ya nyama, umepitiliza.

Kuna jambo moja nimelichukua kwa wapishi wa Guangdong, kule China, na siliachi tena. Maji yaliyojikusanya kwenye sahani humwagwa, kwa sababu shombo iliyosalia imo humo. Kisha tangawizi mpya iliyokatwa nyembamba na majani ya kitunguu huwekwa juu ya samaki, na mafuta ya moto sana humwagiwa juu yake. Harufu za viungo hivi huyeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji, ndiyo maana mvuke peke yake hautoshi kuzitoa. Mimi natumia mafuta ya nazi, vijiko viwili, mpaka yaanze kutoa moshi mwembamba. Yakigusa tangawizi yalie chwaa! Hapo ndipo kamua ndimu, uite watu mezani wali ukiwa bado wa moto.