Hadubini ya elektroni inayojiendesha: ni kitu gani?

Hadubini ya maabara ya kawaida, kama zinazopima malaria hapa Bagamoyo, inaonyesha kimelea ndani ya chembe nyekundu ya damu, kikiwa kimekolea zambarau. Inaishia hapo. Chanjo za RTS,S na R21, ambazo zote zilifanyiwa majaribio hapahapa Bagamoyo, zinalenga protini iliyo juu ya ngozi ya kimelea hicho kinapotoka kwa mbu, kabla hakijaingia kwenye chembe za damu, na protini haionekani kwa mwanga hata ubadilishe lenzi mara ngapi. Ni ndogo mno. Ndiyo maana hutumika elektroni.

Tatizo la elektroni ni kwamba zinaunguza. Mapema miaka ya 1980, Jacques Dubochet na wenzake walipata njia ya kuikinga sampuli: inatumbukizwa ghafla kwenye ithani ya kimiminika iliyopozwa kwa naitrojeni, na maji yanaganda kama kioo kabla hayajawahi kufanya fuwele. Yeye, Joachim Frank na Richard Henderson walipata Nobel ya kemia mwaka 2017.

Hata hivyo baridi inapunguza tu madhara. Inabidi kila molekuli ipigwe elektroni chache, na picha inatoka na chenga tupu. Ni sawa na kupiga picha jahazi kwenye ukungu mzito: moja haikwambii kitu, ila ukiwa na picha laki kadhaa za majahazi ya aina moja, kila moja limegeukia upande wake, kompyuta itazipanga na kuzijumlisha mpaka umbo litokee.

Sasa nani akae kupiga picha zote hizo? Hapo ndipo zinapoingia programu kama Leginon, iliyotengenezwa kwenye taasisi ya utafiti ya Scripps kule Marekani, na SerialEM ya David Mastronarde. Sampuli hukaa kwenye gridi, kisahani cha upana wa milimita 3 chenye utando wa vitundu vidogo sana. Programu huipiga picha gridi nzima kwa ukuzaji mdogo, huchagua sehemu zenye barafu nyembamba, kisha vitundu vyenyewe. Halafu unakuja ujanja ninaoupenda kuliko yote: haitafuti fokasi kwenye kitundu. Inasogea pembeni, inarekebisha fokasi kwenye utando, ndipo inarudi kupiga. Molekuli zinaonja miale mikali wakati wa picha tu. Hivyo hivyo usiku kucha, pengine siku kadhaa.

Kuzitafuta molekuli ndani ya picha nako siku hizi ni kazi ya programu.

Matunda yapo. Mwaka 2014 njia ya kugandisha na kujumlisha picha ilionyesha ribosomu (kiwanda cha kutengeneza protini) ya Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria, ikiwa imeshikwa na dawa ya emetini, hadi mahali hasa dawa inapokaa.

Ila kusafisha protini na kupata barafu nzuri bado kunategemea sana mikono ya watu. Ukiipa gridi mbovu, mashine itapiga picha mbovu mpaka asubuhi wala haitalalamika.