Nani yuko tayari kujifunza kuandika programu? Dhana potofu na ukweli

Wapo watu wenye uwezo kabisa ambao hawajiandikishi kozi ya mwanzo ya uandishi wa programu za kompyuta kwa sababu wameshajihukumu wenyewe. Wapo pia walimu wanaotunga majaribio ya utayari yanayozidisha hofu hiyo. Dhana zilizo nyuma ya haya yote zinajulikana, na nyingi hazina msingi.

Dhana: Jaribio zuri humtambua mwenye kipaji kabla hajaandika mstari hata mmoja.

Ndoto hii ni ya zamani. Kampuni ya kompyuta ya IBM ilikuwa na jaribio lake la vipawa tangu mwaka 1955, nalo likatumika kwa miaka mingi kuajiri waandishi wa programu, ingawa alama zake zilihusiana kwa uhafifu tu na ubora wa kazi ya waajiriwa.

Kisha mwaka 2006 Saeed Dehnadi na Richard Bornat wa Chuo Kikuu cha Middlesex, Uingereza, wakasambaza makala iliyozua gumzo kubwa. Maswali yao yalikuwa ya aina hii: a na b ni majina ya kuhifadhia namba; a ina 10, b ina 20, kisha tunaandika a = b; sasa kila moja ina ngapi? Walidai kwamba mwanafunzi anayeshikilia kanuni moja ya kutafsiri alama hiyo ya = katika maswali yote, hata kama ameikosea, ndiye atakayefaulu, na anayebadilibadilisha kanuni hatafika mbali. Madai hayo yaliwafurahisha walimu waliochoka kuona wanafunzi wakianguka. Lakini mwaka 2014 Bornat aliyakana hadharani, akaeleza kwamba jaribio la kupima kipaji hawakuwahi kulipata. Kitendo hicho cha uungwana kinastahili kujulikana kuliko makala yenyewe, maana bado wapo wanaowagawa wanafunzi kwa imani ileile.

Dhana: Bila hesabu huwezi.

Katika kozi ya mwanzo utajumlisha, utalinganisha namba, pengine utatafuta baki la mgawanyo. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, uliochapishwa mwaka 2020, uliwafuatilia watu wazima waliokuwa wakijifunza Python, lugha ya kuandikia programu. Wepesi wa kujifunza lugha za binadamu ulieleza takriban asilimia 17 ya tofauti za matokeo kati yao. Ujuzi wa namba, asilimia 2 tu. Uwezo wa kufikiri na wa kushika mambo kichwani ulikuwa na uzito kuliko vyote viwili. Washiriki walikuwa wachache, kwa hiyo tusiugeuze kuwa sheria, lakini unatosha kumwondolea hofu aliyepata alama ndogo za hesabu shuleni.

Dhana: Waliowahi kuandika programu ndio walio tayari.

Wanatangulia tu, na wakikaa darasa moja na wanaoanza huwanyamazisha. Chuo cha Harvey Mudd huko California kililiona hilo na katika muongo wa 2000 kikaigawa kozi yake ya kwanza kwa kufuata uzoefu. Hiyo ndiyo kazi halali ya jaribio la utayari: kujua nani aanzie wapi.

Dhana: Umri umenipita.

Masako Wakamiya wa Japani alitoa mchezo wake wa simu mwaka 2017, akiwa na miaka 81. Alikuwa amejifunza ili autengeneze.

Dhana: Aliyekosa maswali ya utayari asubiri mwaka ujao.

Inategemea umemuuliza nini. Mimi ningeuliza mambo yanayomkwamisha mtu kweli wiki ya kwanza. Je, anaweza kuhifadhi faili na kulipata kesho yake? Anajua mabano na alama za nukuu ziko wapi kwenye kibodi? Anaweza kueleza kazi aliyoizoea hatua kwa hatua bila kuruka hata moja? Ujumbe wa hitilafu ukitokea, anausoma au anaufunga haraka? Anaielewa lugha inayotumika kufundishia? Na hili husahaulika mno: anapata kompyuta saa ngapi kwa wiki, na je, ni yake au ya kugombania?

Karibu yote haya hufundishika ndani ya siku chache. Asiyejua mafolda apewe somo la mafolda kabla ya kipindi cha kwanza. Asiye na kompyuta atafutiwe muda wa maabara. Na matokeo yake aonyeshwe mwenyewe, pamoja na maelezo ya anachopaswa kufanyia mazoezi, wala yasibaki kwenye jalada la mwalimu kama alama ya kumtilia shaka.