Leza na upasuaji wa mtoto wa jicho: majibu kwa wanaojiandaa kufanyiwa

Je, leza inayeyusha mtoto wa jicho?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapopotoka. Mtoto wa jicho ni lenzi ya asili iliyopoteza uangavu wake. Ukungu huo hauondoki kwa matone, kwa miwani, wala kwa mwanga wa leza. Lenzi yenyewe lazima itolewe na kuwekwa ya bandia. Leza huanza kazi, daktari huimalizia kwa mikono yake.

Basi leza inafanya nini hasa?

Inayotumika ni leza ya femtosekunde. Mapigo yake ni mafupi kupita kiasi: gawanya sekunde moja mara milioni bilioni, ndipo uifikie femtosekunde. Kwa ufupi huo, leza hukata tishu bila kuunguza zilizo jirani. Upasuaji wa kwanza wa aina hii ulifanywa mwaka 2008 na Profesa Zoltán Nagy, mjini Budapest, Hungaria.

Unalazwa chali, jicho likiwa limetiwa matone ya ganzi na ya kutanua mboni. Kikombe kidogo huwekwa juu ya jicho na kulinyonya kidogo ili lisicheze. Utahisi mgandamizo, na huenda ukaona giza kwa muda, usiogope. Mashine hupiga picha za ndani ya jicho, na daktari hukagua kwenye skrini kila mahali patakapokatwa kabla ya kuiruhusu ifanye kazi. Mara nyingi leza haimalizi hata dakika moja. Hukata duara la takriban milimita 5 kwenye utando wa mbele wa kifuko kinachobeba lenzi, kisha huipasua lenzi vipande vipande. Inaweza pia kukata matundu madogo ya kupitishia vifaa kwenye konea, yaani sehemu angavu ya mbele ya jicho.

Hadi hapo, vipande vyote bado vimo ndani. Daktari huingiza kijibomba chembamba kinachotetemeka kwa mawimbi ya sauti, akavisaga na kuvifyonza, halafu huingiza lenzi bandia iliyokunjwa, ambayo hujikunjua yenyewe ndani ya kifuko.

Nitaona vizuri zaidi kuliko aliyefanyiwa bila leza?

Kwa wagonjwa wengi, hapana. Utafiti mkubwa uliofanywa Uingereza kwa wagonjwa 785, na mwingine wa hospitali za Ufaransa, yote ikichapishwa mwaka 2020, ililinganisha njia hizi mbili. Leza haikuleta uoni bora zaidi, na gharama yake ilikuwa kubwa kuliko faida yake. Duara la leza ni la mviringo safi kweli, lakini kwa mgonjwa kinachohesabika ni uoni, na daktari mzoefu anaufikia bila leza.

Ndiyo maana inaniuma kusikia mtu anaahirisha upasuaji mwaka mzima akisubiri leza. Mtoto wa jicho aliyekomaa sana huwa mgumu, na kumtoa huwa na hatari zaidi. Kama uoni wako umeanza kukuzuia kusoma, kuendesha gari au kushuka ngazi, muulize daktari amefanya upasuaji mara ngapi na matokeo yake yakoje. Swali la mashine lifuate baadaye.

Kuna wasiofaa kwa leza?

Wapo. Kovu kwenye konea huzuia mwanga kupita. Mboni isiyotanuka, au mgonjwa asiyeweza kutulia, pia ni kikwazo. Jicho kuwa jekundu baada ya kushikwa na kikombe ni kawaida. Ni damu kidogo chini ya utando mwembamba unaofunika sehemu nyeupe ya jicho, na huisha yenyewe.

Jirani yangu alifanyiwa leza tu, bila kukatwa. Mbona mimi naambiwa nitakatwa?

Huenda jirani alikuwa ameshafanyiwa upasuaji zamani. Baada ya miezi au miaka, utando wa nyuma wa kifuko kilichobaki unaweza kuingia ukungu, na mtu akadhani mtoto wa jicho amerudi. Hajarudi. Leza ya aina nyingine, iitwayo YAG, hutoboa tundu katikati ya utando huo kwa dakika chache mgonjwa akiwa amekaa kitini, kisha anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Vidoa vinavyoelea machoni kwa siku kadhaa si ajabu. Lakini ukiona mimweko ya mwanga, vidoa vingi vya ghafla au kivuli kama pazia upande mmoja, nenda hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, inaweza kuwa inabanduka.