Mafusho ya dawa za usafi ni nini?

Wengi wetu tukisikia "mafusho" tunakumbuka sufuria ya mwarobaini inayochemka, blanketi kichwani, na pua inayozibuka. Mafusho ya dawa za usafi ni mengine. Ni hewa yenye kemikali inayopanda kutoka kwenye ndoo, sakafu au choo unapotumia Jik (dawa ya majimaji ya kung'arisha nguo na kuua vijidudu), dawa ya choo, dawa ya vioo au ile ya kupuliza. Huioni, lakini unaivuta.

Nairobi tumezoea kuamini kwamba harufu kali ndiyo usafi. Mtu akiingia bafuni macho yakamwasha, husema leo pameoshwa kweli. Mwasho huo hauna uhusiano na usafi. Ni kemikali imegusa ngozi laini yenye unyevu ndani ya macho, pua na koo, na imeanza kuiunguza.

Hatari kubwa huja dawa mbili zinapokutana. Ndani ya Jik mna kemikali iitwayo haipokloraiti ya sodiamu. Dawa nyingi za kutoa madoa chooni ni asidi. Ukizimwaga pamoja, hutoka gesi ya klorini, ileile iliyotumiwa kama silaha vitani karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Gesi hii ni nzito kuliko hewa karibu mara 2.5, hivyo hutuama chini, pale alipoinama anayesugua na pale mtoto anapotambaa. Ikikutana na unyevu wa njia ya hewa, inageuka asidi humo humo. Siki ikichanganywa na Jik huleta matokeo hayo hayo. Mkojo uliokaa na baadhi ya dawa za vioo vina amonia, na Jik ikigusana na amonia hutoa gesi ya kloramini, ambayo nayo huchoma. Kwa hiyo flashi choo kwanza, ndipo umwage Jik.

Sasa fikiria bedsita, nyumba ya chumba kimoja, katika mtaa wa Pipeline hapa Nairobi: choo na bafu ni chumba kimoja, na kidirisha chake kinatazamana na ukuta wa ploti ya jirani. Hewa itatokea wapi? Isitoshe, dawa nyingi tunanunua za kupimiwa, ndani ya chupa ya soda isiyo na lebo. Huwezi kujua kama ulichobeba ni asidi au ni Jik, na kwangu hilo ndilo jambo la kutisha kuliko yote.

Kiasi kidogo huleta kikohozi, machozi na kifua kubana. Mwenye pumu anaweza kushikwa papo hapo. Kiasi kikubwa huweza kujaza mapafu maji, na wakati mwingine hali hiyo hujitokeza saa kadhaa baadaye, mtu akidhani ameshapona.

Kuna pia madhara ya polepole. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norway, walitoa matokeo ya kuwafuatilia watu zaidi ya 6,000 kwa takriban miaka 20. Wanawake waliofanya usafi, nyumbani au kazini, nguvu ya mapafu yao ilishuka haraka kuliko ya wasioufanya. Nikisoma hayo namfikiria mama fua, anayesugua bafu za nyumba tatu kwa siku moja huku mlango umefungwa ili harufu isifike sebuleni. Mwachieni mlango wazi, na mumwonyeshe kila chupa ina nini.

Mtu akizidiwa, atoke nje kwanza. Ndoo ibaki ilipo. Macho yaoshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15. Akiendelea kukohoa au pumzi ikawa fupi, apelekwe hospitali, na chupa zote mbili zibebwe ili daktari azione. Maziwa ambayo wengi hukimbilia kumnywesha huteremka tumboni. Hayafiki kwenye mapafu.