Skrini na magombo ya kale ya Japani: yale tunayoyaamini na mambo yalivyo hasa

Wengi wetu hizi picha tumezijulia kwenye simu na hapo ndo makosa mengi yanapoanzia, maana kwenye simu kila kitu kimelala bapa na kina mwanga uleule. Nazipenda sana hizi kazi za Kijapani za miti, ndege na milima, zilizochorwa kwenye skrini na kwenye magombo (picha ndefu za kuviringisha kama mkeka), na inaniuma zinavyoelezwa vibaya, kwa hiyo ngoja niweke sawa yale ninayoyasikia mara kwa mara.

Dhana: byobu ni picha ya kutundika ukutani

Hapana. Byobu ni skrini ya kukunja, ni fanicha kabisa, inasimama yenyewe sakafuni kwa zigizaga, ilikuwa inakinga upepo na kugawa chumba, na mara nyingi zinakuwa mbili mbili kila moja na paneli sita, unaanza kuzitazama kulia unaelekea kushoto. Mchoraji alishajua paneli hii itakuja mbele na ile itarudi nyuma, akapanga miti yake kwa hesabu hiyo. Chukua yale Maua ya Airisi ya Ogata Korin (1658–1716) yaliyoko Nezu Museum, Tokyo. Bluu na kijani juu ya dhahabu basi, hamna maji, hamna anga, hamna hata ukingo wa mto. Kwenye picha bapa unaona safu ya maua tu, ila skrini ikisimama na wewe ukatembea mbele yake mafungu yanakusogelea, mengine yanajificha, yaani linakuwa bwawa. Kuna wanaolalamika eti amerudia rudia maua yaleyale, na ni kweli baadhi ya mafungu yamerudiwa kwa stensili, lakini Korin ni mtoto wa wafanyabiashara wa vitambaa vya kifahari wa Kyoto, kurudia umbo mpaka lilete mdundo ni kitu alichokulia nacho, sio uvivu hata kidogo. Nezu huwa wanaitoa kuionesha majira ya kuchipua, wakati airisi za bustani yao nazo zinachanua.

Dhana: dhahabu ni ya kuringishia tu

Kuringa kulikuwepo, sitakataa, wababe wa vita kama Oda Nobunaga na Toyotomi Hideyoshi walitaka mgeni aingie aduwae. Lakini vyumba vya ndani vya ngome zao vilikuwa na giza, na karatasi za dhahabu zilikuwa zinaudaka mwanga kidogo wa taa au wa mlangoni na kuurudisha chumbani. Ukisogea karibu utaona mistari ya miraba, ndo pale karatasi moja ya dhahabu ilipopandia nyingine. Kwa hiyo taa kali nyeupe inaiua kabisa byobu, dhahabu inataka mwanga hafifu unaocheza.

Dhana: nafasi tupu maana yake kazi haikuisha

Hapa pana utata kidogo. Skrini za Misonobari za Hasegawa Tohaku (1539–1610), hazina ya taifa iliyoko Tokyo National Museum, ni wino tu kwenye karatasi, miti michache inatokeza kwenye ukungu na sehemu kubwa haijaguswa. Vipande vya karatasi havikuungana sawasawa, ndo maana wapo wataalamu wanaohisi labda ilianza kama rasimu. Sawa, inawezekana, ila ule utupu wenyewe sio bahati mbaya hata kidogo, Tohaku alizisoma kazi za Muqi, mtawa wa China wa karne ya 13, na huko karatasi tupu ndo ukungu, ndo umbali, ndo baridi.

Dhana: walichora walichokiona porini

Inategemea. Japani haina chui milia wa porini, wachoraji walitegemea ngozi na picha zilizotoka China na Korea, ndo maana chui wengi waliowachora wana sura ya paka, na chui wa madoa walichorwa kama ndo jike la chui milia! Halafu kuna Ito Jakuchu (1716–1800), mtoto wa mfanyabiashara wa mboga wa soko la Nishiki, Kyoto, huyu alifuga kuku nyumbani awaangalie. Magombo yake 30 ya hariri ya viumbe hai aliyapaka rangi mpaka upande wa nyuma wa kitambaa ili mbele zitokee laini, na kwenye gombo moja la samaki wamekuta bluu ya Prussia, rangi iliyotengenezwa Ulaya. Na hii ni miaka ya 1760, enzi tunazoambiwa Japani ilijifungia kabisa.



Dhana: gombo likitundikwa linakaa hapohapo miaka yote

Kakejiku, yaani gombo la kutundika, inatundikwa kwenye tokonoma, kile kijisehemu cha heshima chumbani, kwa msimu wake, kisha inakunjwa inarudi kwenye sanduku la mbao. Emaki, magombo marefu ya mlalo, hata hayatundikwi, unafungua kiasi cha mikono yako huku unakunja ulipopita. Mchoraji Sesshu alichora lake la mandhari mwaka 1486, kama mita 16, unaanza majira ya kuchipua unamalizia kwenye theluji, sasa likitandazwa lote kwenye kabati la kioo ile safari haipo tena. Na hazina za taifa kwa kawaida hazioneshwi zaidi ya siku kama 60 kwa mwaka, mwanga unazila, kwa hiyo anayepanga safari ya Tokyo aangalie kwanza kama kazi anayoitaka imetolewa kuoneshwa.

Dhana: ikishakarabatiwa sio ya asili tena

Hii ndo inayonikera zaidi. Kubandua na kubandika upya karatasi za nyuma ya picha ndo kumezifanya zifike leo, mafundi wanatumia gundi ya ngano iliyohifadhiwa kama miaka kumi, dhaifu kwa makusudi, ili fundi wa karne ijayo aweze kuibandua bila kuchana. Hata ule mchoro wa Mseprasi wa Kano Eitoku (1543–1590) ulianza kama milango ya kuteleza, ukawa byobu ya paneli nane, na kwenye ukarabati uliomalizika 2014 umegawanywa kuwa mbili za paneli nne nne, alama za vishikio vya mlango bado zipo. Kwa hiyo ukikuta gombo lina fremu ya kitambaa kipya usiliite feki kwa sababu hiyo, na likiwa na muhuri wa jina kubwa usilipe pesa kwa sababu hiyo pia, mihuri iliigwa sana.