"Mwalimu, mie kuogelea najua": dhana zinazonichosha kuhusu paramota

Wiki iliyopita nimeambiwa tena. Kijana kaja Paje, ufukwe wa mashariki ya Unguja ninakofundisha paramota (unaruka kwa bawa la kitambaa, injini umeibeba mgongoni), kavua viatu, kaliangalia bawa lilivyotandazwa mchangani, kisha katazama bahari akacheka: "Mwalimu, hapa hata nikianguka hamna tabu. Chini maji, na mie kuogelea najua tokea mdogo." Nikahesabu kimoyomoyo. Huyo wa nne tokea kusi ianze. Na wote wanne wameisema kwa uso ule ule, wa mtu aliyegundua jambo ambalo mwalimu wake limempita.

Basi nimeamua kuandika. Atakayeniambia tena nitamtumia hii, aisome kabla hajagusa hanesi, yaani ile mikanda ya kujifungia.

Tuanze na kilichoko mgongoni. Injini, fremu, pangaboi na tangi lenye petroli lita 10 hufika kilo 30 hivi, pengine na zaidi. Umefungwa nazo kwa mikanda: miwili ya mapajani, mmoja wa kifuani. Miguu ikigusa maji, mwendo wako unakatika ghafla, lakini zile kilo 30 bado zina safari. Zinakulaza kifudifudi. Uso uko chini, injini iko juu yako, na ile mikono unayotaka kupigia maji inakutana na kamba. Kamba za bawa ni nyingi, na nyingine unene wake ni milimita 1 tu. Bawa lenyewe linatua mbele yako au juu ya kichwa chako, na midomo yake ya mbele iko wazi kwa sababu ndimo hewa inamoingilia. Hewa ikitoka, yanaingia maji. Bawa lililojaa maji likakamatwa na mkondo halivutiki na mtu mmoja. Linakuvuta wewe.

Kuogelea ni kwa mtu aliye huru, na wewe hapo ni mzigo uliofungwa barabara. Kuzama ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya marubani wa paramota duniani. Kina cha maji nacho si hoja. Yakikufika kiunoni yanatosha, maana pua yako hapo haiko kiunoni, iko chini.

Nina fremu moja kuukuu ambayo injini yake ilishakufa zamani. Nimeiondolea kabureta na tangi, nikaifungia vyuma hadi ikafika kilo 26. Kila mwanafunzi huivaa kabla ya kuruka mara ya kwanza. Tunaingia naye majini hadi kina cha kifua, mie upande huu, msaidizi upande ule, na mwengine yuko pembeni na kisu cha kukatia mikanda. Msimu uliopita alikuja kijana wa Jambiani, mzamiaji wa pweza, mtu ambaye kukaa chini ya maji ndiyo kazi yake. Nilipomweleza zoezi alinitazama kama namtania. Tukamsukuma mbele, nikaanza kuhesabu. Mkono wa kulia ukaenda kifuani, na kwenye tatu bizimu la kifuani likafunguka. Safi. Kwenye tano mkono uko paja la kushoto unapapasa, bizimu halipo. Mkanda umelowa, uzito umeuvuta, bizimu limezunguka nyuma ya paja. Sita, saba. Akaacha la kushoto, akaenda la kulia, akarudi tena kushoto. Tisa. Kwenye kumi na moja tukamwinua.

Hakusema kitu. Katema maji, kajifuta pua, kisha akasema: "Tena."

Mara ya nne alitoka kwa hesabu ya sita. Na huyo ni mzamiaji, maji ya kifuani, asubuhi tulivu, bila ya bawa wala kamba, na watu watatu wamemzunguka. Sasa jipige picha wewe wa mjini.

Hapo ndipo mtu huniuliza: kwa nini nisifungue mikanda yote nikiwa bado juu, nikajirusha? Kwa sababu maji yanadanganya jicho. Bahari iliyotulia haina alama ya kupimia. Unadhani zimebaki mita 2, kumbe ni 15. Mkanda wa kifuani ufungue mapema, mkono ukae tayari kwenye bizimu la paja, lakini usijirushe. Kuna pia maboya yanayofungwa kwenye fremu ambayo hujijaza yenyewe yakiguswa na maji. Mie mwanafunzi asiye nayo simrushi ufukweni, na nikiitwa mgumu kwa hilo sijali. Ila lijue boya kazi yake: linakuweka juu upate nafasi ya kujifungua. Kamba iliyokwisha kukuzunguka shingoni halikutolei.

Dawa ni moja tu, nayo ni hesabu ya skuli ya msingi. Bawa la mwanafunzi, injini ikiwa imezimwa na hewa imetulia, husogea mbele mita 6 au 7 kwa kila mita 1 linayoshuka. Mwamba wa Paje uko zaidi ya kilomita 1 kutoka mchangani, na kila mtu anataka kwenda kuupiga picha na povu lake. Haya, uko kilomita 1.2 nje. Ili urudi mchangani bila ya injini unahitaji mita 200 kwenda juu, na hapo hujaweka akiba. Ikiwa upepo wa umande bado unatoka nchi kavu kwa kilomita 20 kwa saa, na bawa lako mwendo wake ni 40, nusu ya mwendo imeshaliwa: unahitaji mita 400. Wewe uko mita 60, kwa sababu kuruka chini ndiko kuna raha. Sasa niambie utatua wapi.

Nungwi na Kendwa, upande wa machweo, ni pabaya zaidi msimu wa kusi kwa sababu panapendeza. Maji ni kioo. Mtu anasema leo hakuna upepo. Upepo upo, umekingwa na minazi na majengo, na ukishapanda juu ya minazi hiyo unakusukuma kwenda bahari kuu.

Na jambo ambalo mgeni halijui, mwenyeji analijua ila hulisahau akivaa hanesi: bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Siku hizo maji hukupwa mnamo saa 4 asubuhi, na ufukwe wa mashariki unakuwa uwanja wa ndege. Saa 10 jioni, wakati kila mtu anataka picha za jua linalolala, maji yamejaa mpaka kwenye kuta za mahoteli, na uwanja wako umebaki ukanda wa mchanga usiotosha hata kutandaza bawa. Angalia mwezi kabla hujaangalia programu ya hali ya hewa kwenye simu. Tena hata maji yakiwa yamekupwa, vile vigingi vilivyopangwa kwa mistari ni mashamba ya mwani ya kina mama. Usitue humo. Utaumia, utakata kamba zao, na maneno utakayoambiwa utayastahiki.

Cha ajabu, huyu huyu asiyeiogopa bahari anaogopa injini isije ikazima. "Ikizima si naanguka kama nazi?" La. Anayekubeba ni bawa. Injini inakusukuma tu. Ikizima unashuka mita 1 na kitu kwa sekunde, huku bado unakwenda mbele na bado unaongoza kwa breki, zile kamba mbili za mkononi. Na itazima, usijidanganye. Injini nyingi kati ya hizi huchanganywa oili na petroli kama za Vespa za zamani, na kila aliyewahi kuwa na Vespa anazijua plagi zake. Ndiyo maana mwanafunzi wangu, akishafika mita 150 juu ya mchanga mpana, namwambia kwa redio: zima. Wengi huuliza "nini?" mara mbili. Wakishazima wananyamaza, kisha wakitua wanasimulia jambo lile lile: walisikia majogoo ya watu kule chini. Hofu inaishia pale. Injini kuzima ni balaa ikiwa chini yako pana maji, na hapo tumerudi nilikoanzia.

Wapo na vijana wa kaiti, wanaoteleza juu ya maji kwa ubao huku wakivutwa na tiara kubwa. Hawa nawapenda, maana upepo wanausoma na mikono yao ni myepesi. Kulisimamisha bawa ardhini, kazi inayomchukua mwengine siku tatu, wao wanaipata kwa asubuhi moja. Tatizo lao ni kudhani upepo mzuri wa kaiti ni mzuri wa paramota. Kaiti inanoga upepo ukifika kilomita 35 kwa saa. Bawa la mwanafunzi lina mwendo wa 40 hivi. Ukielekea upepo huo utaning'inia pale pale kama taa ya barabarani, na ukiongezeka kidogo unarudi kinyumenyume, nyuma yako iko minazi. Kaiti zikijaa angani Paje, sisi tunakunywa chai. Saa zetu ni baada ya alfajiri mpaka saa 2 na nusu au 3, na tena kuanzia saa 10 na nusu jioni. Katikati, jua likishapika nchi, hewa inapanda kwa vishindo. Na upepo ukitokea nchi kavu, usiruke nyuma ya mivinje: hewa inaporomoka nyuma ya miti kama maji nyuma ya jiwe, hata kama usoni unahisi kaupepo tu.

"Paramota inataka mtu mwenye nguvu." Inataka mtu anayesikia akiambiwa. Wenye vifua vipana ndio wanaolivuta bawa kwa ubishi, likawapita kichwani likaanguka mbele. Kilo 30 utazibeba kwa hatua chache za mbio, basi.

"Nimeangalia video zote." Vizuri. Hukuona video ya mkono wako ukivuta breki moja kupita kiasi kwa sababu umeshtuka.

"Siku tatu zinatosha?" Hazitoshi. Kozi ya maana ni siku 7 hadi 10 za hewa nzuri, na masika yanaweza kukulia wiki nzima mnakaa mnatazama mvua. Mwalimu anayekuahidi siku tatu muulize nani atakuwa kwenye redio siku ya nne.

Parashuti ya akiba nayo watu huitegemea kama bima. Nunua, ifungwe na fundi anayejua, lakini ikumbuke inahitaji kimo ili ifunguke. Chini ya mita 50 usiiwekee tamaa, na ufukweni wengi huruka chini ya hapo.

Kuna na huyu anayesema anga halina mwenyewe. Kasikia Marekani watu wanaruka bila ya leseni, na ni kweli, kanuni yao ya 1982 inawaruhusu wenye vyombo vyepesi vya mtu mmoja. Hapa si Marekani. Anga la Unguja na Pemba liko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na ndege za kwenda uwanja wa Abeid Amani Karume zina njia zake. Ruhusa kwanza.

Nimalizie na pangaboi, maana hapa watu wananicheka kwa ukali wangu. Wanadhani hatari iko juu. Majeraha mabaya mengi ya paramota hutokea ardhini, wakati wa kuwasha injini: mtu kasimama nyuma yake, au kaiweka chini akavuta kamba ya kuwashia huku resi imekwama, injini ikaruka ikamfuata. Sheria yangu ni kwamba injini huwashwa ikiwa mgongoni, au ikiwa imeshikwa kwa mkono ulionyooka na goti limeikaba fremu, na hapana mtu hata mmoja nyuma wala ubavuni. Watoto wa Paje wanaijua sheria hii kuliko wageni wangu, nikipiga kelele "nyuma!" wanatawanyika kama kaa.

Na kwa kuwa pangaboi liko nyuma yako, chochote kitakachokuponyoka angani kinakwenda huko huko: kofia, mtandio, miwani, glavu. Simu zaidi. Msimu huu nimeshabadilisha pangaboi moja kwa sababu ya mtu aliyetaka kujipiga picha, na simu yake tuliiokota vipande vipande. Simu mwachie anayekusubiri mchangani. Picha atakupiga yeye.